Kabla Hujapanda Mwarobaini Ufukweni, Nisikilize

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Ruaka. "Dada, chama chetu kimenunua ekari moja Msambweni. Tumeisoma ile makala yako ya zamani, tumeagiza miche 200 ya mwarobaini na 300 ya mvinje. Tupande mwezi gani?" Nilikuwa ndani ya matatu, tumekwama Thika Road, na mwili ukaniisha nguvu. Makala hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Hakuna nyingine yangu iliyosomwa na watu wengi kiasi hicho, na ushauri uliomo, wa kupanda miti hiyo miwili ufukweni, ulikuwa mbaya.

Nimemjibu asipande. Ila najua wengi wenu mnaonisoma mna ndoto ile ile: jasho la Nairobi liwe kipande cha ardhi Pwani, chenye kivuli na upepo wa bahari. Kwa hiyo nawaeleza yaliyonikuta.

Chama chetu, kikundi cha akiba cha akina mama kumi na wawili wa mtaa wa Umoja, Nairobi, kilinunua ploti yake Kwale mwaka 2016. Kabla ya kupanda chochote tulizuru Haller Park, Mombasa. Kama hujafika, nenda. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa jeupe lisilo na hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti, na ni tatu tu zilizostahimili. Mmojawapo ni mvinje, yaani casuarina. Mizizi yake huishi na bakteria wanaoupa naitrojeni, ndiyo maana humea hata kwenye mwamba. Majani yake makavu yalirundikana chini bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko.

Nililia pale, jamani. Nikatoka nimeshika jambo moja kichwani: mti unaoota bila kubembelezwa ndio mti wa Pwani. Mwarobaini nao nilikuwa na imani nao tangu utotoni, maana bibi yangu alituchemshia majani yake kila homa ilipobisha. Tukapanda yote miwili. Mivinje tuliiweka mstari wa mbele, juu kidogo ya mchanga, na miarobaini ikazunguka ploti nzima.

Mzee jirani yetu, Mdigo wa makamo ya baba yangu, alikuja siku ile akasimama kwenye kivuli akitutazama. Akaniambia, "Mwanangu, huu mwarobaini mmoja unatosha dawa ya mtaa mzima. Mingi hivi ya nini? Haujui mpaka huu." Nilimjibu kwa adabu, shikamoo na asante, lakini moyoni nilimpuuza. Nilijiona nimesoma.

Miaka mitatu iliyofuata haina la kusimulia. Miti ilikua, nami nikapiga picha na kuandika ile makala.

Mwaka 2021 mzee alinipigia simu niende. Alinipeleka chini ya mikwaju yake, na pale kulikuwa na miche ya mwarobaini iliyosongamana kama kitaluni, na hakuna aliyeisia. Matunda yake yakiiva yakawa manjano, ndege, popo na tumbili huyala, kisha huangusha mbegu popote wanapotua. Wanatua wapi? Kwenye miti mikubwa, yaani pale pale mti wa asili unapotegemea watoto wake waote. Tukaingia kwenye kichaka cha matumbawe kati ya ploti yetu na ufuo. Udongo pale ni kiganja kimoja juu ya mwamba, na kila mmea uliopo umepata nafasi yake kwa taabu. Miarobaini ilikuwa imenipita kimo, kivuli chake kimefunga, na chini yake sikuona mche wowote wa kienyeji. Mke wa mzee alikuwa akichimba mizizi ya dawa humo. Aliniuliza, bila hasira, "Mama, mbona mmetuletea msitu wenu kwetu?"

Swali hilo linaniuma mpaka leo. Niliporudi Nairobi na kuwaeleza wenzangu kwamba inabidi tukate, walisema nimewaponza na pesa zao, wakanivua uenyekiti kwenye kundi la WhatsApp, kwa ujumbe wa mistari miwili.

Mivinje je? Shambani sina ugomvi nayo. Wakulima wa Kwale na Kilifi wamesomesha watoto kwa nguzo zake. Kosa letu ni mahali. Ufukweni, majani yake yalifunika ardhi kama mkeka, na ule mmea unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau, ambao ndio unaoshika mchanga, ukatoweka chini yake. Mizizi ya mvinje ufukweni haiendi chini sana, kwa hiyo mawimbi makubwa huung'oa mti na mchanga wake. Kasa anayepanda usiku kutaga hukutana na mizizi badala ya mchanga laini. Kivuli nacho hupoza mchanga, na joto la mchanga ndilo linaloamua kama mayai yatatoa dume au jike. Florida, Marekani, mti huu umepigwa marufuku.

Niliyoyaona Haller Park yalikuwa kweli, ila palikuwa machimbo, ardhi iliyokwisha kufa. Ufukwe wetu ulikuwa hai, nami nikautibu kama maiti.

Basi, ushauri wangu. Kabla hujanunua mche, zunguka uone kinachoota chenyewe, na umuulize aliyezaliwa pale. Kama mwarobaini umeshaingia, ng'oa miche midogo wakati wa mvua, ardhi ikiwa laini. Mkubwa ukiukata utachipua kisikini, kwa hiyo rudi tena na tena ukate machipukizi. Faraja ni kwamba mbegu zake hupoteza uhai baada ya wiki chache, hivyo ukizuia matunda umezuia mengi. Na umuulize aliyezaliwa pale. Narudia kwa sababu mimi niliambiwa nikakataa.

Ndugu zangu, serikali imetuambia tupande miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ya kupanda. Ni jambo jema. Lakini tukumbuke mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje. Ulipandwa kwenye machimbo yale yale ya Bamburi mwaka 1973, na miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa nia njema kabisa. Mwaka 2006 wafugaji wa huko walimleta mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda ya mti huo, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Aliyeshika mche wa kwanza naye alitaka kivuli. Tusipande kwa ajili ya picha, tusihesabu miche bila kuuliza ni miche gani.

Yule msomaji amejibu jana. Mivinje wameifuta, ila miarobaini walishailipia, na wenzake wamekasirika. Nimempa namba yangu aniunganishe nao, niongee nao mwenyewe.

Masika haya nitakuwa Kwale wiki mbili. Mzee amekubali kunionyesha mbambakofi, miti ya asili ya Pwani, iliyobaki kichakani, tuokote mbegu. Amesema nije na panga langu, maana la kwake limeisha makali kwa miti yangu.