Mwenye kuandika programu akiondoka, inabaki na nani?

SWALI: Ndugu mhariri, jambo. Niko na sekretariati, duka la kuchapa na kutoa kopi, hapa Goma, kule Birere. Miaka miwili sasa tunatumia programu moja ndogo ya kuandika hesabu za likirimba, ule mchango wa kupokezana, ya wamama wa soko, iliandikwa na kijana wa kwetu akaiacha huria, msimbo, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kila mtu anaweza kuuchukua. Sasa kijana amepata kazi Kampala, anasema hana tena nafasi. Wenzangu wanasema tutupe, eti programu ya bure mwenyewe akienda nayo imekufa. Ni kweli?
Mama wa sekretariati

JIBU: Mama, usitupe kitu.

Angalia Vim, ile programu watu wanaandikia misimbo. Bram Moolenaar wa Uholanzi aliitoa 1991 akaishika mwenyewe zaidi ya miaka 30, na kila aliyeitumia alikuwa anaombwa asaidie watoto wa Kibaale, hapo Uganda kwa jirani zetu. Agosti 2023 akafariki. Watu waliogopa sana juu karibu kila badiliko lilikuwa linapita mkononi mwake. Lakini Christian Brabandt, aliyekuwa anachangia tangu zamani, akaendelea na wenzake, Januari 2024 wakatoa toleo 9.1 kwa heshima ya Bram. Leseni iliwaruhusu, ndiyo, ila mimi naona kilichookoa Vim ni kwamba kulikuwa tayari watu wanaoijua ndani kabla ya msiba.

Python nayo, lugha ya kuandikia programu, mwanzilishi wake Guido van Rossum aliachia uongozi Julai 2018 na akakataa kutaja mrithi, basi waandishi wenyewe wakabishana miezi, wakapiga kura, 2019 wakachagua baraza la watu 5.

Sasa kwenu: mbali na huyo kijana, nani anajua neno la siri la akaunti yenye msimbo? Kama hakuna, shida yenu iko hapo, na dawa iko sasa akiwa bado anajibu simu. Mwombe aongeze mtu wa pili kwenye akaunti hiyo, awe na haki sawa na zake, kisha aandike kwa Kiswahili hatua zote za kutoa toleo jipya, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Halafu huyo wa pili atoe toleo moja peke yake, kijana asiguse kitu, ajibu maswali tu.

Mpaka siku hiyo, wamama waendelee kuandika pia kwenye daftari.