Jibu: Kwa nini ndege ndogo inakuwa nzito Dodoma mchana?

Mkuu, umeuliza kwa nini Cessna 172 iliyopaa vizuri Dar asubuhi iligoma kupanda Dodoma saa nane mchana, mzigo ukiwa uleule. Si lazima injini iwe mbovu. Angalia hewa kwanza.

Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 3,670 hivi. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko karibu futi 6,300. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini) inapata hewa kidogo, panga boi linavuta kidogo, mabawa nayo yanabeba kidogo. Vyote vitatu kwa mpigo! Njia ya kurukia inaliwa haraka, na ukishanyanyuka unapanda kwa kusuasua.

Kinachoua hasa ni hiki: rubani anaona miti inapita kasi, anadhani mwendo umetosha, anavuta usukani mapema. Mabawa yanaishiwa nguvu, ndege inadondoka. Amini kipimo cha mwendo, si macho. Nilifanya kosa hilo nikiwa mwanafunzi. Mwalimu aliusukuma usukani mbele kwa nguvu, na mpaka leo nauona mkono wake.

Ruka saa moja asubuhi. Beba mafuta ya safari na akiba, usijaze tangi kwa mazoea, na rekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa kama kitabu cha ndege kinavyoelekeza. Piga hesabu ya njia kabla abiria hawajapanda. Ikibidi mmoja abaki, abaki. Treni ya SGR ya kwenda Dar ipo.