Kabla hamjang'oa regyuleta: kwa mafundi wapya wa pinboli

Vijana wangu, wiki hii nimekuta tena LM323K nzima, ile regyuleta inayotuliza umeme kwenye volti tano, ndani ya pipa la taka, imehukumiwa kwa kosa la plagi iliyoungua, na uvumilivu umenishinda. Bodi za umeme na koili za mashine za Bally, AS-2518-16 na AS-2518-22, mnazifahamu, kwa hiyo sitaeleza umeme unaingilia wapi. Nitaeleza yale mnayoyaruka.

1. Pimeni kwanza. Regyuleta isiyopata angalau volti nane upande wa kuingilia haiwezi kutoa tano zilizotulia, hata mkifunga mpya kila asubuhi. Mchawi huwa ni pini za plagi J3 zilizoungua, au C23, kapasita ya kulainisha umeme ya maikrofaradi 11,000 ambayo imezeeka pamoja na mashine yenyewe. Wekeni ya 15,000 yenye volti 25, kisha msonge mbele.

2. Kazeni skrubu. Hapa mnivumilie, kwa kuwa hasara hii ilikuwa yangu. LM323K ina miguu miwili tu. Hasi yake ni gamba lenyewe la chuma, nalo hushikana na bodi kupitia skrubu zinazolibana kwenye bati la kupozea. Nilipokuwa mgeni wa kazi nilifunga mpya kwenye Eight Ball, mashine ya pinboli ya mteja. Miguu niliilehemu kwa unadhifu wa kujisifia, lakini nati nilizizungusha kwa vidole, nikajiambia kwamba nitazikaza baadaye, halafu nikarudisha plagi zote, pamoja na J4 ya bodi ya kompyuta, nikawasha. Regyuleta iliyokosa hasi haina cha kupimia, basi ikaachia karibu volti zote zilizoingia, yaani kama kumi na moja, ziende kwenye chipu ambazo mwisho wa uvumilivu wake ni saba. LED ya bodi ya kompyuta, iliyopaswa kupepesa mara saba kuonyesha kwamba bodi ni nzima, ikabaki imewaka tu, nami nikaitazama kama mtoto aliyevunja mtungi wa bibi. Prosesa ya 6800 ilikufa, PIA zote mbili, chipu za kupitisha ishara, zikafuata, na RAM ya 5101, chipu ya kumbukumbu, haikubaki nyuma. Fundi mkuu hakunigombeza. Aligusa nati kwa ncha ya kidole, ikazunguka, akanipa bisibisi na spana, akaenda kunywa chai. Chipu nilizilipia mimi.

3. Kwa hiyo J4 haichomekwi mpaka mita isome volti tano kwenye TP1, sehemu ya kupimia kwenye bodi ya regyuleta. Anayeona kwamba hatua hii inapoteza muda na arudie namba 2.

4. C26, kapasita ya umeme wa vioo vinavyoonyesha alama, hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzima, na upande wake ni wa volti zaidi ya mia mbili. Utoeni kwa resista, si kwa bisibisi. Juzi mmoja wenu aliurusha mkono wake mpaka akamwaga chai yangu, na bado hajaomba radhi. Mkishafika hapo, shusheni volti 190 za vioo vya namba hadi kama 170, vitadumu.

5. Atakayekutana na LM338K, regyuleta nyingine inayofungwa mahali pale pale, asibebe mazoea ya LM323K: gamba lake ni upande wa kutoka, hivyo kipande cha mika, cha kuzuia umeme usipite kati ya gamba na bati, ni lazima. Pimeni kati ya gamba na bati kabla ya kuwasha. Mita ikilia, msiwashe, wala msiniite kabla ya kufungua upya.