Kifafa: tuliacha dawa, mtoto akaanguka tena

SWALI: Mwanangu wa miaka 14 ana kifafa, alikuwa anameza kabamazepini asubuhi na jioni. Alimaliza miezi 8 bila kuanguka, tukaacha dawa. Juzi ameanguka, majirani wakamtia kijiko mdomoni, jino likavunjika. Tulikosea wapi? – Mama mzazi, Kawangware

JIBU: Pole sana, mama. Ile miezi 8 ilikuwa kazi ya dawa, hakuwa amepona. Kwa kawaida daktari huanza kufikiria kupunguza dawa baada ya angalau miaka 2 bila kifafa, tena polepole. Ukiikata ghafla, mtoto anaweza kuanguka mfululizo, na hilo huua. Mpeleke kliniki leo. Usimrudishie mwenyewe kipimo cha zamani, kwani huenda ikabidi kuanza na kipimo cha chini. Siku nyingine akisahau kidonge, ameze akikumbuka, lakini asimeze viwili kwa mpigo.

Kijiko, hapana kabisa! Ulimi haumezwi. Taya zikikaza, kinachovunjika ni meno. Ondoa jiko karibu naye, kunja leso uiweke chini ya kichwa, legeza kola, tazama saa. Usimkandamize. Mtukutiko ukiisha, mlaze ubavu mate yatoke. Povu la mdomoni haliambukizi, waambie majirani wasiogope kumgusa. Maji asubiri mpaka azinduke kabisa.

Mtukutiko ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbizeni hospitali.