Hesabu Inayotangulia Usiku wa Bure: Kutumia Pointi za Hoteli na Kadi za Mkopo

Anayetaka kulala hotelini bila kulipa fedha taslimu huambiwa kwanza atafute kadi ya mkopo yenye ofa kubwa kuliko zote ya pointi za kujiunga. Mimi humshauri aanze na hoteli, yaani anataka kulala wapi, mwezi gani, na jengo hilo liko chini ya kampuni ipi, kwa sababu kila kampuni humpa mwanachama wake pointi za kulipia vyumba vyake yenyewe, na pointi za Hyatt hazimfai kitu mtu anayekwenda mji ambao Hyatt haina hoteli, hata kama amezikusanya kwa mamia ya maelfu. Jibu la swali hilo likishapatikana, uchaguzi wa kadi huwa mwepesi, na mara nyingine utagundua kwamba huhitaji kadi mpya hata kidogo.

Hatua inayofuata ni hesabu fupi ambayo naifanya kila mara kabla ya kutumia pointi. Chukua bei ya chumba kwa fedha, pamoja na kodi, kisha uigawe kwa idadi ya pointi zinazotakiwa kwa usiku huohuo. Chumba cha dola 240 kinachopatikana kwa pointi 40,000 kinaipa kila pointi thamani ya senti 0.6. Je, hiyo ni nzuri au mbaya? Inategemea pointi ni za nani. Hilton huuza pointi zake kwa senti 1 kila moja, na mara kwa mara hutoa nyongeza ya asilimia 100 kwa wanunuzi, kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzipata kwa nusu senti; pointi ya Hilton ikikupa senti 0.6, umefaidika kidogo, na ikikupa senti 0.3 ni afadhali ulipe fedha na kuziweka pointi zako. Pointi ya Hyatt kwa kawaida ina thamani kubwa zaidi, na ndiyo maana mwanachama wa kawaida hupata pointi 5 tu kwa kila dola anayotumia katika hoteli zao, ilhali Hilton na Marriott hutoa 10 katika hoteli zao nyingi. Kulinganisha ofa kwa ukubwa wa tarakimu pekee ni kujidanganya.

Hesabu hii ina mtego mmoja. Ukilala kwa pointi katika chumba cha dola 700 ambacho kamwe usingekilipia kutoka mfukoni, hujaokoa dola 700. Mimi huweka katika hesabu kiasi ambacho ningekuwa tayari kulipa kweli, na mara nyingi thamani inayovutia sana kwenye karatasi hushuka hadi ya kawaida. Si kwamba naona ni kosa kujistarehesha. Nasema tu kwamba starehe isihesabiwe kuwa akiba.

Zamani kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa hoteli zilipangwa katika madaraja na kila daraja lilikuwa na bei yake ya pointi. Marriott iliachana na utaratibu huo mwaka 2022, na siku hizi bei yake ya pointi hupanda na kushuka pamoja na mahitaji, kama ilivyo kwa Hilton na IHG. Accor imechagua njia nyingine kabisa: pointi 2,000 hupunguza bili kwa euro 40, basi. Kwa Accor hakuna cha kuwinda, na kwa mtu asiyependa kukesha akilinganisha tarehe, huo ni unafuu wa kweli. Katika kampuni hizo nyingine, kusogeza safari kwa siku mbili au tatu kunaweza kupunguza pointi kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mimi hutazama mwezi mzima kabla ya kuomba likizo kazini.

Faida ambayo naona haithaminiwi ipasavyo ni usiku wa tano. Marriott humruhusu mwanachama yeyote anayelala siku tano mfululizo kwa pointi kulipia nne tu, na usiku unaoachwa ni ule wa bei ya chini kuliko yote. Hilton hutoa faida inayofanana na hiyo kwa wanachama wenye hadhi iitwayo Silver au ya juu zaidi, hadhi ambayo nchini Marekani hupatikana hata kwa kadi isiyo na ada ya mwaka. IHG huwapa wenye baadhi ya kadi zake usiku wa nne bila kutoa pointi. Tuurudie mfano wetu wa chumba cha dola 240: siku tano zina thamani ya dola 1,200, lakini badala ya pointi 200,000 unatoa 160,000, na thamani ya kila pointi inapanda kutoka senti 0.6 hadi 0.75 bila wewe kufanya lolote zaidi ya kukaa. Sharti ni kwamba siku zote tano ziwe katika nafasi moja iliyowekwa kwa pointi pekee. Ukichanganya siku za fedha na za pointi, faida inapotea. Kwa sababu hiyo, tangu nilipoelewa utaratibu huu, napendelea safari chache za siku tano kuliko nyingi za siku mbili.

Sasa kadi zenyewe. Ofa nono za kujiunga ziko Marekani hasa, na sababu yake si ukarimu: benki hupata sehemu ya kila malipo kutoka kwa mfanyabiashara, na katika Umoja wa Ulaya sehemu hiyo iliwekewa kikomo cha asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo kuanzia mwaka 2015, hivyo fedha za kugawa kama zawadi ni chache huko. Popote ulipo, kanuni isiyo na mjadala ni kulipa deni lote kila mwezi. Riba ya kadi nyingi za Marekani huzidi asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna pointi inayoweza kuifidia. Vilevile ofa inayodai utumie kiasi fulani ndani ya miezi mitatu ichukuliwe tu wakati una matumizi makubwa yaliyokuwa yanakuja hata bila kadi, kama vile bima au karo.

Baadhi ya kadi hutoa vocha ya usiku mmoja kila mwaka, na vocha hiyo peke yake inaweza kuzidi ada ya kadi. Marriott huruhusu kuongeza pointi kiasi juu ya vocha ili kufikia hoteli ya bei ya juu kidogo. Angalia tarehe ya mwisho, na usome vizuri kama ni tarehe ya kuweka nafasi au ya kulala. Pointi za benki, kama zile za Chase na American Express, zina uhuru zaidi kwa kuwa huhamishwa kwenda mipango ya pointi ya kampuni mbalimbali, lakini zikishahamishwa hazirudi. Nazihamisha pale tu ninapokuwa nimeona chumba kiko wazi.

Weka nafasi katika tovuti ya hoteli yenyewe, maana kwa mawakala wa mtandaoni kwa kawaida hupati pointi. Kumbuka pia kwamba Hyatt na Hilton husamehe ada ya mapumziko (resort fee, ile ambayo baadhi ya hoteli huongeza juu ya bei ya chumba) kwa usiku unaolipiwa kwa pointi pekee, wakati Marriott kwa kawaida huitoza. Na kwa kuwa nafasi nyingi za pointi zinaweza kufutwa bila gharama hadi siku chache kabla ya kufika, mimi hurudi kutazama bei mara kwa mara hadi siku ya safari. Ikishuka, naweka nafasi mpya kwanza, kisha nafuta ile ya zamani na pointi zake hurudi katika akaunti.