Kabla ya Kukodi Stoo, Uliza Vali Iko Wapi

Nilipokodi stoo ya mitumba karibu na Barabara ya Oginga Odinga, hapa Kisumu, mwenye jengo alininyooshea kidole springla za darini, vile vinyunyizio vya maji vya kuzima moto, kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari. Nikaridhika, nikalipa. Miezi minane baadaye fundi wa mabomba, niliyemwita kwa ajili ya choo tu, akaniuliza: "Mama, mbona vali hii imefungwa?"

Kumbe bomba liliwahi kuvuja, mtu akafunga maji, akaenda zake. Muda wote huo springla zangu zilikuwa mapambo.

Fundi akanieleza mengine bure. Vichwa vingi vya springla vina kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Kile chekundu hupasuka kikifika nyuzijoto 68. Kinachokipasua ni joto, moshi haukifanyi kitu, na hufunguka kile kilichopata joto hilo tu. Yale ya sinema, jengo zima kulowa mara moja, yasahau. Ila vichwa vyangu viwili mpakaji alivipitishia brashi pamoja na dari. Rangi huzuia joto lisikifikie kichupa upesi. Usikwangue, kichwa kama hicho hubadilishwa. Na marobota yangu nilikuwa nimeyapanga hadi darini (stoo ni ghali, jamani), kumbe maji yanahitaji nafasi ya kutawanyika, angalau sentimita 45 chini ya kichwa. Nilipoteza safu nzima ya mzigo.

Halafu kuna maji yenyewe. Mkazi wa Kisumu anajua kuliona ziwa dirishani huku mfereji umekauka. Kwa hivyo uliza kama springla zina tangi lao, maji ambayo wapangaji hawawezi kuyachota ya kudekia.

Swali lililomtoa jasho mwenye jengo lilihusu pampu inayosukuma maji hayo. Moto ukiwaka, mtu wa kwanza hukimbilia swichi kuu azime stima. Kama pampu imeunganishwa baada ya swichi hiyo, umeizima pamoja na taa. Yetu ilikuwa hivyo hivyo. Ilibidi fundi wa stima aiwekee laini yake.

Sasa vali imefungwa kwa mnyororo ikiwa wazi, na kila Jumatatu natazama geji ya presha kabla sijafungua robota. Mwenye jengo bado amenuna kidogo. Kodi nalipa kwa wakati, atazoea.