Kushusha Boti Naivasha Bila Kuzibia Wavuvi Njia

Msomaji ametuandikia akilalamika kwamba wavuvi wa ufuo wa Kamere, Ziwa Naivasha, walimfokea ilhali alikuwa anashusha boti yake ya faiba polepole, kwa uangalifu. Kosa lake ni hilo polepole. Ufuo ni wa umma, njia ya kuingilia majini ni nyembamba, na asubuhi ndiyo saa ya wavuvi kurudi na samaki. Ukisimamisha trela katikati huku unatafuta jaketi la kuokolea chini ya viti, utafokewa tu, na ni haki yao.

Kazi yote ifanyike juu, pakavu. Kaza kizibo cha maji cha nyuma kwa mkono wako mwenyewe, usiulize kama kimefungwa. Kikisahaulika, utashtukia ndara zinaelea ndani ya boti. Fungua mikanda ya tezi, yaani nyuma ya boti, lakini uache ndoano ya winchi (mashine ya kuvutia boti kwenye trela) omo, yaani mbele, mpaka boti ielee. Injini iwe imeinuliwa. Kama ni ya kuchanganya oili, kipimo cha 50 kwa 1 ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Fungua tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kisha minya mpira wa kupampu mafuta hadi uwe mgumu. Tundu likibaki limefungwa, injini itawaka dakika chache na kuzima, kwa kawaida ukishafika mbali.

Chomoa waya wa taa za trela. Halafu shika vikombe vya magurudumu: kama vimetoka barabarani vikiwa moto, subiri vipoe. Vikitumbukizwa hivyo hivyo, hewa iliyomo husinyaa na kufyonza maji kupitia sili. Grisi inageuka kama maziwa, na beringi haitakupeleka mbali.

Maji ya Naivasha hupanda na kushuka sana, kwa hiyo ukingo wa mwaka jana si wa leo. Tembea kwanza kwa miguu. Mguu ukizama hadi kifundo, gari nalo litazama. Liache pagumu, uteremshe trela kwa kamba imara ya mita 15. Wasaidizi wakae pembeni, kamwe wasisimame nyuma ya trela.

Boti ikielea, ivute kando kwa kamba ya omo na uondoe trela mara moja. Injini uiwashie huko kando. Tazama ule mkojo wa maji ya kupoza unaotoka ubavuni mwa injini: ukikatika, zima. Mara nyingi ni magugu maji yameziba mlango wa maji, na injini huchemka haraka. Usishangae pia ikikosa nguvu. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu zake. Propela yenye pichi ndogo, yaani inayosukuma boti umbali mfupi kwa kila mzunguko, husaidia.

Viboko hurudi majini alfajiri kupitia vichochoro vya mafunjo, basi usifunge boti hapo. Upepo nao huamka mchana, kwa hiyo panga kurudi kabla ya saa saba.

Ukishapandisha boti, fungua kizibo maji yatoke, na ung'oe kila jani la gugu kwenye trela kabla ya kwenda ziwa lingine.